Adajio ile ya huzuni si ya Albinoni

Juzi kwenye matanga, hapa Himbi, Goma, picha za marehemu zilipita kwenye skrini zikisindikizwa na Adajio, muziki wa polepole wa ala za nyuzi na kinanda. Mzee mmoja akaninong'oneza: "Albinoni huyo, wa zamani sana." Ndivyo wengi tulivyofundishwa.

Sivyo. Albinoni, mtunzi wa muziki wa Venice, Italia, alifariki mwaka 1751. Muziki huu ulichapishwa mwaka 1958, na aliyeutunga ni Remo Giazotto, mtafiti wa muziki wa Italia. Alidai kwamba aliujenga juu ya kipande cha Albinoni kutoka maktaba ya Dresden, Ujerumani. Kipande chenyewe hakijawahi kupatikana humo.

Mwaka 1962 mwongozaji wa filamu Orson Welles aliutumia katika The Trial. Machozi ya pale matangani yalikuwa ya kweli, na Giazotto anastahili shukrani zake.