Mnazi si msitu: ndege wa Cousin na dhana zinazonichosha

"Mwalimu, yaani waliokata minazi ndio waliomwokoa ndege?" Swali hili hunifika karibu kila ninapofundisha walinzi wa misitu wa pwani, na huulizwa kwa sauti ya kushtaki. Ndiyo, ndio hao hao. Nimelijibu mara nyingi mno, leo naliandika.

Dhana: Palipo na miti, ndege ana makazi

Cousin ni kisiwa cha Shelisheli chenye hekta 29 hivi. Zamani kiligeuzwa shamba la minazi kwa ajili ya mbata. Ukikitazama kutoka baharini, ungeapa kwamba ni msitu. Ndani yake alibaki ndege mwimbaji wa Shelisheli, mdogo, wa rangi ya hudhurungi, ambaye wakati huo hakuwepo kwingine kokote duniani. Katika miaka ya 1960 hawakufika hata 30.

Sababu iko chini ya jani. Ndege huyu hula wadudu, na karibu wote huwadonoa upande wa chini wa majani, hasa majani mapana ya miti ya asili kama pisonia. Kuti la mnazi halimtoshelezi. Mnazi ulimlisha mkwezi na mnunuzi wa mbata, yeye ukamwacha na njaa.

Mwaka 1968 Baraza la Kimataifa la Kuhifadhi Ndege, ambalo leo ni BirdLife International, lilikinunua kisiwa. Minazi ikaondolewa, na miche yake ikawa inang'olewa kila inapochipua, maana nazi ikianguka huota bila kuombwa. Pisonia ikarudi. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 ndege walipita 300, na jike wa ndege huyu kwa kawaida hutaga yai moja tu.

Kwa hiyo siku ya kwanza ya mafunzo sigawi miche. Kila mtu anageuza majani hamsini na kuhesabu wadudu, mti kwa mti. Kampeni za kupanda miti bila kuuliza ni miti gani, na nani ataishi kwayo, zinanikera kweli.

Dhana: Sheria ikipita, kazi imekwisha

Cousin ilitangazwa hifadhi maalumu kisheria mwaka 1975. Hilo lilikuwa muhimu sana: lilimzuia yeyote asirudishe shamba. Lakini miche ya minazi huondolewa kwa mikono ya watu.

Dhana: Wakibaki 30, damu imeshaharibika

Nusu kweli. Vinasaba vyao vikilinganishwa na vya ndege wa kale waliohifadhiwa kwenye makumbusho, utofauti umepungua. Hata hivyo walizaana.

Dhana: Ana mabawa, atasambaa mwenyewe

Kisiwa cha Cousine kiko kilomita 1.6 hivi kutoka Cousin, kinaonekana kwa macho. Ndege hawa karibu hawavuki kabisa. Cousin ilipojaa, vijana wengi walibaki kwa wazazi wao wakisaidia kulea wadogo zao. Wanafunzi wangu hufurahia hapo, wakisema ni familia yenye umoja. Mimi naona vijana waliokosa eneo la kuanzia maisha.

Mwaka 1988 ndege 29 walinaswa kwa nyavu na kupelekwa Aride, kisiwa kingine cha Shelisheli. Huko nafasi ilikuwa tele na wadudu tele, na vijana wakaanza kuzaa wenyewe badala ya kubaki wasaidizi. Wengine 29 walipelekwa Cousine mwaka 1990, kisha 58 kisiwa cha Denis mwaka 2004, na 59 kisiwa cha Frégate mwaka 2011. Leo wote kwa jumla wamepita 3,000. Anayeniambia ndege adimu asiguswe kamwe namwomba aanze na hesabu hiyo.

Dhana: Amepona, tumwache

Tangu 2015 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, imemweka kwenye kundi la spishi zinazokaribia kuwa hatarini, hatua kubwa kutoka alikokuwa. Lakini makazi yake bado ni visiwa vidogo, na panya wachache wakiingia Cousin wataanza na mayai. Ndiyo sababu mgeni hashuki pale na boti yake mwenyewe. Anahamishiwa boti ya hifadhi kabla ya kufika ufukweni, hata akilalamika kwamba anacheleweshwa.