Je, wajua kwa nini makaburi ya Kunduchi na Kaole yana nguzo na matundu ya mviringo?

"Shangazi, mbona kaburi limetobolewa?"

Binti wa kaka yangu aliniuliza hivyo pale magofu ya Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, amechuchumaa mbele ya nguzo ya mawe iliyoota ukungu. Matundu yenyewe ni ya mviringo, mapana kama kiganja kilichokunjuliwa. Ukichungulia vizuri utaona chokaa bado imeshika alama ya kitako cha chombo. Kaburi halikutobolewa. Palipachikwa bakuli la kauri lililotoka China, lipu ikiwa bado mbichi, na baadaye sana mtu akaling'oa.

Kwa nini basi kumpambia marehemu kwa bakuli?

Siku hiyo tulikuwa tunakwenda Bagamoyo na kurudi, safari ya kilometa 70 hivi kwenda. Tulianzia Posta, kwenye Boma la Kale linalotazamana na boti za Zanzibar. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alilijenga mwaka 1866 na 1867 kwa ajili ya wageni wake, alipokuwa anauanzisha mji wa Dar es Salaam. Alifariki mwaka 1870, na ndugu yake Barghash hakuwa na hamu ya kuuendeleza. Kasri lililokuwa jirani halipo tena. Watu wengi wakizungumzia ufalme wa Dar huishia hapo, na huwa inanisikitisha, kwa sababu Majid aliikuta pwani hii ina wenyewe.

Wenyewe hao waliitwa majumbe na madiwani. Ndiyo, diwani, neno lile lile la diwani wetu wa kata. Kuanzia Mzizima, kijiji kilichokuwepo kabla ya Dar, hadi Kunduchi, Kaole na Bagamoyo, wengi wao walikuwa Washomvi, jamii ya Waswahili wa pwani hii. Richard Burton, Mwingereza aliyetua Kaole mwaka 1857 akielekea Ziwa Tanganyika, aliandika jinsi heshima yao ilivyolindwa: kuvaa kilemba, kuvaa viatu vya mti na kukaa kitini vilikuwa vya diwani, si vya kila mtu. Hapo ndipo jibu linapoanzia. Mrima, yaani pwani hii inayotazamana na Zanzibar, haukuwa na majumba makubwa ya kifalme. Ukubwa wa mtu ulionekana mwilini mwake na katika vyombo vyake, na alipokufa ukahamia kaburini.

Nguzo ilisema: aliyelala hapa alikuwa na cheo. Makaburi ya namna hii ni ya mwambao wetu wenyewe. Yapo kuanzia Somalia, yanashuka pwani ya Kenya hadi huku kwetu. Wataalamu wengine wanaiona nguzo kama ishara ya uanaume na mamlaka, wengine wanaihusisha na mawe ya kaburi ya kusimama ya nchi za Pembe ya Afrika.

Bakuli nalo lilisema: aliyelala hapa alifikiwa na bahari. Chombo cha China kilipita mikono mingi, Bara Hindi na Uarabuni, kikaja na jahazi katika upepo wa kaskazi. Anayekipata alikuwa mtu wa biashara, mwenye wageni na wadeni. Nyumbani vyombo hivyo viliwekwa kwenye zidaka, shubaka za ukutani, ili mgeni avione akiingia. Kukipachika kaburini ni kukitoa kisitumike tena milele, na hilo halifanywi na maskini. Makaburi mengi ya Kunduchi ni ya karne ya 18.

Jengo lenyewe ni bahari pia. Mawe ni matumbawe, na chokaa ilipatikana kwa kuyapanga matumbawe juu ya lundo la kuni na kuyachoma hadi yawe unga. Tulipopita Tegeta nilimwonyesha mtoto kilima cha Wazo, kinakochimbwa malighafi ya saruji. Mwamba ule ni matumbawe ya kale, ya enzi pale palipokuwa chini ya bahari. Nyumba nyingi za Dar zimejengwa kwa jiwe lililo ndugu wa jiwe la kaburi la jumbe.

Baada ya Bunju majengo yanapungua, upepo unanukia chumvi, na Mapinga hadi Zinga ni minazi na mikorosho. Kaole ipo kama kilometa 5 kabla ya Bagamoyo. Msikiti wake wa zamani ni wa karne ya 13, mihrabu ingali imesimama, na makaburi ya kuuzunguka yanapita ishirini. Mji ulikuwa wa bandari, lakini mikoko na tope viliziba njia ya maji, watu wakahamia Bagamoyo taratibu. Leo ukisimama kwenye magofu huoni hata maji, unaona mikoko tu.

Pana kijumba cha makumbusho hapo, chenye vipande vya vyombo vilivyookotwa, vingine vya buluu na nyeupe. Binti alipita haraka kwenye vyungu, akasimama mbele ya kipande kimoja cha kauri, akakiinamia akitafuta upande wa chini.

"Shangazi, njoo. Kitako ndiyo hiki."