Mtakatifu Augustino alitoka wapi?

Waumini wengi huamini kwamba Mtakatifu Augustino, askofu na mwalimu wa Kanisa, alikuwa mtu wa Ulaya. Si ajabu: aliandika kwa Kilatini, alibatizwa Milano mwaka 387, masalia yake yanatunzwa Pavia, Italia, na picha zake nyingi zilichorwa na Wazungu karne nyingi baadaye.

Lakini alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, leo Souk Ahras, nchini Algeria. Italia alikaa miaka mitano hivi tu. Akarudi kwao, akapewa upadre, kisha uaskofu wa Hippo, ambayo sasa ni Annaba. Huko alifariki tarehe 28 Agosti 430, Wavandali, kabila la Kijerumani lililovamia Afrika Kaskazini, wakiwa wameuzingira mji. Kilatini kilikuwa lugha ya shule katika Afrika Kaskazini chini ya Roma.

Mwenye shaka afungue ramani, aitafute miji hiyo miwili. Kisha asome sehemu ya tano (kitabu cha tano) ya Maungamo, ambamo Augustino mwenyewe anasimulia maisha yake na alivyopanda meli Carthage, mji wa Afrika Kaskazini (leo nchini Tunisia), kwenda Roma, akimtoroka mama yake Monika kwa hila (mama hakuchoka, alimfuata). Na atazame kalenda: Augustino wa Canterbury, aliyehubiri Uingereza, ni mtu mwingine, na sikukuu yake ni ya mwezi Mei.