Fukusi wa Mikaratusi na Nyigu wa Mayai Yake

Mwenye shamba akiniletea tawi la mkaratusi ambalo majani yake yameliwa pembezoni kama meno ya msumeno, simtafuti kwanza mdudu mzima, bali nakagua majani machanga ya kileleni nione kama yamegandwa na vidonge vidogo vyeusi. Kidonge kimoja huwa na mayai yapatayo kumi ambayo fukusi jike wa jenasi ya Gonipterus ameyafunika kwa kinyesi chake, kikakauka na kuwa kigumu. Mabuu yake, yenye rangi ya kijani-manjano na utelezi, hukwangua majani hayo, kisha hushuka udongoni kuwa pupa. Mti unaoliwa kileleni mara kwa mara hudumaa na kuchipua ovyo, usifae tena kwa nguzo.

Asili ya fukusi huyu ni Australia. Alionekana Afrika Kusini mwaka 1916, na mwaka 1926 mtaalamu wa wadudu F. G. C. Tooke akaleta kutoka Penola, Australia Kusini, nyigu kidusia Anaphes nitens, asiyefikia hata milimita 1. Nyigu jike hutoboa kidonge na kutaga ndani ya mayai ya fukusi, hivyo kinachotoka humo ni nyigu mwingine wala si buu. Ndiyo maana, nikikuta vidonge vimetobolewa vitundu vya mviringo, nashauri dawa isipulizwe, kwa kuwa itamwangamiza nyigu, na nyuki pia. Katika miaka ya 1940 fukusi alipofika Kenya, nyigu huyohuyo aliletwa kumdhibiti.

Penye baridi kali, hata hivyo, fukusi huacha kutaga, nyigu akakosa pa kuzaliana, na joto linaporudi fukusi hutangulia kutaga kabla nyigu hawajaongezeka. Hali hiyo imeonekana katika milima ya Ureno. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulibainisha kuwa jina moja, Gonipterus scutellatus, lilikuwa limebeba spishi kadhaa, na aliyeko Ureno ni Gonipterus platensis, mwenyeji wa Tasmania, kisiwa cha Australia, ilhali nyigu wa Tooke alitoka Australia bara. Watafiti wa Ureno wakamfuata nyigu mwingine, Anaphes inexpectatus, huko Tasmania kwenyewe. Kwa maoni yangu, kuagiza nyigu kabla ya kuitambua spishi ya fukusi ni kupoteza fedha.

Kwa Phoracantha, mbawakawa wa pembe ndefu ambao mabuu yao hula chini ya gome la mikaratusi iliyokosa maji, mambo ni hayohayo. Kule California nyigu wa mayai Avetianella longoi alimpunguza sana Phoracantha semipunctata, lakini mayai ya Phoracantha recurva hayamfai sana, na huyo ndiye aliyetawala baadaye.