Je, wajua kwa nini neva ya jicho hushambuliwa zaidi baridi inapoisha?

Mtu anaamka na jicho moja linauma kila akilizungusha. Baada ya siku mbili tatu, ukungu unatanda katikati ya kila anachokitazama. Akifunika lile zima na kutazama kitambaa chekundu kwa jicho bovu, wekundu umepauka kama nguo iliyofuliwa mara nyingi. Neva ya jicho imevimba: kinga ya mwili, badala ya kupambana na vijidudu, imeshambulia mayelini, ala inayofunika nyuzi zake takriban milioni moja.

Cha ajabu ni kalenda. Tafiti kadhaa za nchi za kaskazini mwa dunia zimeona wagonjwa wapya wakiongezeka majira ya machipuko, jua linapoanza kurudi. Kwa nini wakati huo?

Jibu linaanzia kwa multipo sklerosisi, ugonjwa ambao kinga hushambulia mayelini ya ubongo, uti wa mgongo na neva ya jicho, na ambao mara nyingi hujitokeza kwanza jichoni. Utafiti wa mwaka 2014, uliofuatilia wagonjwa wa pande zote mbili za ikweta, ulikuta mashambulizi yakifikia kilele karibu na Machi huko kaskazini, na karibu na Septemba huko kusini. Miezi imepinduka, majira ni yale yale. Anayetiliwa shaka zaidi hapo ni jua.

Ngozi ikipigwa na miale ya urujuanimno, ile miale ya jua isiyoonekana kwa macho, hutengeneza vitamini D, ambayo husaidia kutuliza chembe za kinga. Jua likififia, akiba iliyo kwenye damu haikauki papo hapo. Huchukua wiki mbili hadi tatu kupungua kwa nusu. Ndiyo maana upungufu mkubwa huja kwa kuchelewa, baridi ikiwa inaaga. Na utafiti ule uliona jambo linalonivutia kuliko yote: kadiri watu waishivyo mbali na ikweta, ndivyo mashambulizi yanavyofuata upesi baada ya jua kufikia uhafifu wake wa mwisho. Huenda akiba yao ilikuwa ndogo tangu mwanzo.

Jeni nazo zina majira. Mwaka 2015 watafiti walichunguza jeni 22,822, na zaidi ya 5,000 zilibadili utendaji wake kufuata msimu, huku damu ya watu wa Ulaya ikionyesha dalili zaidi za uvimbe wakati wa baridi.

Hata hivyo, majaribio ya kuwapa wagonjwa wa multipo sklerosisi vidonge vya vitamini D yametoa matokeo yanayopingana. Miale ya jua hutuliza kinga kupitia ngozi kwa njia nyingine pia, na njia hizo hazimo ndani ya kidonge.