Je, wajua juu ya nini mahindi inageuka manjano kisha kufukia mabua?

Kwetu Bukavu, mashariki ya Kongo, ukipanda kuelekea Kabare mwezi wa kwanza kisha mavuno, utaona wenye kuchoma mabua na wenye kuyafukia. Mimi nilikuwa wa kufukia, na nilikuwa na hakika namna inaendaka: unafukia, nyungunyungu wanakula, wanatoa mbolea, unapanda, basi. Mwezi wa pili nikapanda mahindi ya sezoni B palepale, ikaota vizuri, kisha majani ya chini yakaanza kugeuka manjano. Nikawaza ni ugonjwa, kumbe azoti (nitrojeni, chakula cha mmea) ilikosa, na niliiondoa mimi mwenyewe na jembe langu.

Kosa la kwanza, nilimpa nyungunyungu kazi isiyo yake. Hana meno. Bua kavu kwake ni sawa mti. Anangoja mikrobe (vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho) na kuvu walilainishe, kisha njo anameza vipande pamoja na udongo, na ndani yake iko firigisi sawa ya kuku, chembe za mchanga njo zinasaga pale. Kwa hiyo mikrobe njo wanakulaka wa kwanza, na shida inaanzia hapo.

Sema kaboni, ile iliyojaa katika mabua, ni bugali, na azoti ni sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa. Mikrobe anahitaji karibu vipimo 24 vya kaboni kwa kipimo 1 cha azoti: 8 vinaingia katika mwili, 16 vinaungua akipumua. Mabua makavu ya mahindi yako na karibu 60 kwa 1, ni kusema umewawekea mlima wa bugali na kasambaza kamoja. Hawataacha bugali hata kidogo, watachota kwenye sufuria ya jirani, ile azoti ya udongo ambayo mahindi nayo ilikuwa inaingojea, na juu wako wengi sana na wako karibu nayo, mizizi michanga haiwezi kushindana nao. Manjano inaanza chini juu mmea unanyang'anya majani ya zamani azoti yao, unapelekea yale machanga.

Lakini azoti haikupotea, na hapa njo panapendeza kabisa. Ni sawa pesa ya likelemba, ule mchango wa kupokea kwa zamu, iko mikononi mwa wengine kwa muda. Bugali ikipungua mikrobe wanakufa, wengine wanawala, azoti inarudi kidogo kidogo, na nyungunyungu wanaharakisha ile kazi: mavi yao yako na azoti rahisi kwa mizizi kuliko udongo wa pembeni. Kwangu zamu ilifika, ila ilichelewa, mahindi ilikuwa imekwisha kudumaa.

Hii haitokei kila shamba. Udongo wenye azoti ya kutosha unalipa lile deni bila wewe kuona kitu, na majani mabichi ya maharagi ni mambo mengine, yanaoza mbio na yanatoa azoti badala ya kukopa. Mgomba wenye kuugua usiutandaze, utasambaza ugonjwa. Na mwenye mbuzi hawezi kuachia shamba mabua yote, namuelewa.

Kuchoma je? Moto haushuki mbali, nyungunyungu wengi wanapona siku ile, wanakuja kuteswa kisha na njaa na jua, juu wanapumuaka kwa ngozi, na ngozi ikikauka ni kifo. Majivu yanabakiza potasi na kalsiamu, azoti karibu yote inaenda na moshi.

Mabua yakibaki juu ya udongo, deni linakuwa dogo, mikrobe wanagusa upande wa chini tu, na kwenye milima yetu yanapunguza pia udongo unaobebwa na mvua. Sezoni iliyopita niliyatandaza katikati ya mistari, mavi ya mbuzi nikaweka katika kila shimo, mahindi ikabaki kijani. Mwezi wa nne nikafunua bua moja: juu lilikuwa bado gumu, chini limelainika sawa karatasi yenye kulowa, na nyungunyungu watatu walikuwa wamejikunja pale.