Sanaa ya video ya mwendo: dansi inapotungiwa kamera na jengo

Ukirekodi dansi jukwaani kwa kamera iliyosimama mahali pamoja, ulichopata ni kumbukumbu ya onyesho. Sanaa ya video ya mwendo ni kitu kingine: hatua hutungwa kwa ajili ya kamera na kwa ajili ya mahali, na ukiondoa kimojawapo hakuna kazi tena.

Chimbuko mojawapo ni filamu fupi isiyo na sauti ya Maya Deren, ya mwaka 1945. Mchezaji Talley Beatty anainua mguu msituni. Unapotua, yumo ndani ya nyumba. Jukwaani haiwezekani. Hapo uhariri, yaani kukata na kuunganisha vipande vya filamu, nao umecheza.

Wengi waliofuata walivutiwa na majengo ya kimodenisti: zege, vioo, korido ndefu, madirisha yanayofanana safu nzima. Jengo la namna hiyo limeshakupangia mwendo kabla hujafika, upite wapi na ugeukie wapi. Mchezaji akirudiarudia hatua moja mbele ya madirisha yale, jengo nalo linaonekana kuhesabu mapigo.

Anayeanza ningempa Rosas danst Rosas, filamu ya Thierry De Mey ya mwaka 1997 iliyotokana na dansi ya mwaka 1983 ya mtunzi wa dansi Mbelgiji Anne Teresa De Keersmaeker. Ilipigwa mjini Leuven, Ubelgiji, katika iliyokuwa shule ya ufundi, jengo lililosanifiwa na Henry van de Velde. Wanawake wameketi kwenye viti vya kawaida. Wanakunja nne, wanageuza kichwa ghafla, wanapitisha mkono kwenye nywele, wanashusha blauzi begani kisha wanairudisha. Ni vijitendo vya mtu aliyechoka kungoja zamu yake ofisini, ila vikifanywa kwa pamoja, tena na tena, vinatisha kidogo.

Mwaka 2011 De Keersmaeker alilalamika hadharani kwamba video ya wimbo mmoja wa Beyoncé imemnakili. Watu waliziweka video hizo mbili sambamba wakalinganisha hatua, lakini pia mavazi, mandhari na pembe za kamera. Kwa maoni yangu, mzozo ule uliifafanua dhana hii, kwamba kamera na mahali navyo ni sehemu ya dansi, vizuri kuliko mihadhara mingi. Miaka miwili baadaye kundi la De Keersmaeker, Rosas, likaweka mafunzo ya dansi ya viti mtandaoni na kumwalika yeyote arekodi toleo lake, mahali apendapo.